Umeme mdogo mwisho wa laini: stabilaiza, kapasita, waya mnene au transfoma ya karibu?

Mashine ya kusaga iliyofungwa mbali na transfoma ina tabia zake, iwe Kibaigwa, Bahi au Manyoni. Asubuhi inasaga bila shida. Jioni watu wakirudi nyumbani na kuwasha kila kitu, mota inanguruma bila kushika mwendo, inapata moto, na breka inakata. Mwenye mashine akiuliza dawa, jibu la kwanza analopewa ni stabilaiza, kwa sababu ndiyo iliyopo dukani na inabebeka kwenye bajaji. Kwa mota kubwa mimi huiweka mwisho kabisa. Vifaa vyote ninavyolinganisha hapa ni vizuri, ila kila kimoja ni pesa iliyotupwa kikifungwa mahali ambapo tatizo halipo. Kwa hiyo tunaanza na mita, si na duka.

Pima kabla hujalipa

Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, aweke mita kwenye breka ya mashine, fezi kwa fezi, mara mbili: mota ikiwa imezimwa, kisha ikisaga mzigo kamili. Arudie jioni. Ukikuta volti 405 mota ikiwa imezimwa na 378 ikiwa inasaga, zile 27 zinapotelea kwenye njia inayokulisha, na anayezishusha ni wewe mwenyewe. Ukikuta 365 kabla hata hujawasha, tatizo liko nyuma yako: laini ndefu yenye majirani wengi, transfoma iliyozidiwa, au laini ya kilovolti 33 inayoilisha. Hali hii ya pili huiponyi kwa kifaa chochote utakachofunga kibandani. Utajikinga tu.

Kisha apime kila fezi dhidi ya nyutro. Akisoma 236, 230 na 215, basi nyumba nyingi zimebebeshwa fezi moja. Mota ya fezi tatu huteseka sana na jambo hili: volti zikipishana kwa asilimia 1 tu kati ya fezi, mikondo ndani ya mota inaweza kupishana kwa asilimia 6 hadi 10, na joto linafuata. Dawa yake haiuzwi dukani. Mafundi wa TANESCO wanahamisha nyumba kadhaa kutoka fezi moja kwenda nyingine pale pale nguzoni. Waombe pia wakague viungio, hasa pale alumini inapokutana na shaba bila lagi ya kuunganishia metali mbili. Kiungio kilicholegea hupoteza volti kwa joto, na huishia kuungua.

Hesabu ya mota moja

Tuchukue mota ya kilowati 22, yaani hp 30, inayopatikana kwenye mashine nyingi za kusaga na kukoboa. Iko mita 500 kutoka kwenye transfoma, inalishwa na waya wa alumini wa milimita 50 za mraba, na pawa fakta yake, yaani sehemu ya umeme inaouvuta inayofanya kazi, ni 0.8. Inavuta ampia 44 hivi. Haya ni makadirio yangu, transfoma ikitoa volti 400 (kVAr ni kipimo cha nguvu ya usumaku inayotolewa na kapasita):

| Hali | Mkondo | Volti zinazopotea (fezi kwa fezi) | Nguvu inayogeuka joto njiani |
|---|---|---|---|
| Ilivyo sasa | A 44 | 22 | kW 1.9 |
| Kapasita ya kVAr 10 kwenye mota | A 37 | 20 | kW 1.3 |
| Waya wa 95 badala ya 50 | A 44 | 12 | kW 0.9 |
| Waya wa 95 pamoja na kapasita | A 37 | 11 | kW 0.7 |

Hesabu hii imechukua waya wenye nyuzijoto 20. Waya uliopigwa na jua la Oktoba huku umebeba mzigo unaweza kufika 50, na hapo ukinzani wa alumini unapanda kwa asilimia 12 hivi. Kwa hiyo hali halisi ya mchana ni mbaya kidogo kuliko jedwali.

Soma mstari wa kapasita kwa makini, kwa sababu ndipo wauzaji wanapowachanganya watu. Upotevu umepungua kwa karibu asilimia 30, na si haba. Lakini volti zimepanda kwa 2 tu. Aliyekuuzia kapasita ili mota ipate nguvu za kusaga jioni amekuuzia dawa ya ugonjwa mwingine. Waya mnene umepunguza vyote viwili kwa karibu nusu.

Sababu iko kwenye waya wenyewe. Mkondo hukutana na ukinzani wa aina mbili: ule wa kawaida unaotoa joto, na ule wa sumaku, unaotokana na umeme kubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Kapasita inaiondolea laini ule mkondo ambao mota huuhitaji kujenga usumaku wake, na mkondo huo hushusha volti zaidi pale penye ukinzani wa sumaku. Kwenye waya wa milimita 50 uliosokotwa pamoja, ukinzani wa kawaida ni kama mara saba ya ule wa sumaku. Kapasita haina kikubwa cha kushika.

Njia kubwa ni habari nyingine

Panda sasa hadi kwenye minara inayoingia kituo cha kupoza umeme cha Zuzu, hapa Dodoma. Kwenye njia ya kilovolti 400 uwiano umegeuka: ukinzani wa sumaku unaweza kuwa mara kumi ya ule wa kawaida. Huko kapasita inainua volti kwelikweli, na ndiyo maana mtu aliyesoma habari za gridi akaja kuzitumia kwenye mashine ya kijijini hupotea njia.

Njia inayotoka Iringa kupita Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kilomita 670, ilijengwa kwa msongo wa kilovolti 400 lakini ilianza kazi kwa 220. Tofauti si ndogo. Kusafirisha nguvu ile ile kwa 220 kunahitaji mkondo mara 1.8, na kwa kuwa upotevu hufuata mkondo ukizidishwa kwa wenyewe, joto linalopotea ni zaidi ya mara 3.3. Hakuna kifaa cha kufunga kituoni kinachopunguza upotevu kwa kiasi hicho. Kupandisha msongo ndiko kunakoshinda, na baada yake ni kujenga njia ya pili, kama ule mradi wa kilovolti 400 wa Chalinze hadi Dodoma, uliokusudiwa kuleta huku umeme wa Bwawa la Julius Nyerere bila kuuzungusha Iringa.

Lakini msongo mkubwa una deni lake. Njia ndefu yenye mzigo mdogo, mathalani saa nane za usiku, yenyewe inakuwa kapasita. Kwa kilovolti 400 kila kilomita huzalisha karibu nusu MVAr (kVAr 500) au zaidi, kwa hiyo kilomita 670 zinavuka 300. Volti za mwisho wa njia zinapanda badala ya kushuka. Hapo kinachotakiwa ni riakta, yaani koili kubwa, ya kuzimeza MVAr hizo. Kanda ya Kati, yenye masafa marefu na mizigo iliyotawanyika, inahitaji vyote viwili: cha kuinua jioni na cha kushusha usiku.

Kati ya vya kuinua, kapasita za kuwashwa na kuzimwa kwa hatua ndizo za bei nafuu, ila zina udhaifu unaouma: volti zikishuka hadi asilimia 90, zenyewe zinatoa asilimia 81 tu ya nguvu yake. Zinachoka wakati ule ule zinapohitajika. SVC, yaani kapasita na riakta zinazoongozwa kielektroniki, inajirekebisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kuinua au kushusha, lakini ikifika kikomo chake inafuata sheria hiyo hiyo. STATCOM, inayotumia vifaa vya kielektroniki kutengeneza nguvu hiyo, kwenye asilimia 90 ya volti bado inatoa asilimia 90 ya uwezo wake. Ni ghali zaidi, na kwa gridi dhaifu nadhani bei hiyo ina maana. Kapasita za mfuatano, zile zinazofungwa ndani ya njia yenyewe, huifanya njia ndefu itende kama fupi, na kadiri mzigo unavyopanda ndivyo zinavyosaidia. Zinataka uangalifu tu zikiwa karibu na mitambo ya joto, kwa sababu zinaweza kuitikisa mihimili ya jenereta. Na usisahau jenereta zilizo karibu: Mtera, yenye megawati 80 mpakani mwa Dodoma na Iringa, haitoi megawati pekee, inaweza kushikilia volti pia.

Jambo la kuogopwa kwenye gridi ni kuporomoka kwa volti. Volti zinashuka, transfoma za vituoni zinajirekebisha zenyewe ili wateja wapate kiwango chao, wateja wanaendelea kuvuta nguvu ile ile, mkondo kwenye njia unaongezeka, volti za njia zinashuka tena, transfoma zinajirekebisha tena. Ndani ya dakika chache inaweza kuzimika mikoa kadhaa.

Stabilaiza

Kumbuka mzunguko huo tunaporudi kibandani, maana stabilaiza ni transfoma ya namna hiyo katika umbo dogo. Inachukua volti 360 na kukupa 400. Koili za mota zinapumzika, na hilo ni faida ya kweli. Lakini nguvu haijatoka hewani. Upande wa laini mkondo unabaki juu, na juu yake stabilaiza inakula asilimia kadhaa kwa joto lake. Haipunguzi hata wati moja ya upotevu wa njiani. Kwa pasi na majiko ni mbaya zaidi: bila stabilaiza vyombo hivyo vingevuta kidogo volti zikishuka na kuipa laini nafuu, ukivifungia stabilaiza umeinyima laini nafuu hiyo. Majirani watatu wakinunua zao, utakuta 340 badala ya 360, na stabilaiza yako imegonga ukingo wake wa chini na kukata.

Kuna la mota kuanza. Stabilaiza nyingi za ukubwa huu husogezwa na kimota kidogo ndani, na wakati kinazunguka kutafuta nafasi, mota yako imeshashindwa kuanza.

Shida ikiwa ni kuwasha

Watu wengi wanaolalamikia umeme mdogo kwa kweli wanalalamikia sekunde tano za kwanza. Mota ile ya kilowati 22 ikiwashwa moja kwa moja inaweza kuvuta mara sita ya kawaida, ampia 264. Kwenye waya wetu wa mita 500 inaangusha volti 70 hivi, zinabaki 330. Nguvu ya kuzungusha hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe, kwa hiyo mota inaanza na asilimia 68 tu ya nguvu yake, na taa za mtaa mzima zinafifia.

Stata ya staa-delta, inayoanzisha mota kwa volti pungufu kisha kuipa volti kamili, inashusha mkondo huo hadi theluthi, karibu ampia 88, na anguko linakuwa volti 24. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na waya mnene au transfoma. Tatizo: nguvu ya kuanzia nayo inakuwa theluthi. Mashine ya kusaga inayoanza tupu haijali. Kinu cha kukamulia alizeti kilichozimika na mashudu ndani kitakataa, na hapo ama usafishe kinu kwanza, ama ununue VFD, kifaa kinachoanzisha mota taratibu kwa kubadili hezi na volti pamoja. VFD inaweza kuanza mzigo mzito kwa mkondo usiozidi sana ule wa kawaida.

Kwenye pampu VFD husifiwa kwa kuokoa umeme: punguza mwendo kwa asilimia 20, matumizi yanashuka hadi karibu nusu. Ni kweli kwa pampu inayosukuma maji tambarare. Kwa visima virefu vya eneo la Makutupora, ambako kazi kubwa ni kuyapandisha maji kutoka chini, akiba ni ndogo zaidi, na ukipunguza mwendo sana maji hayafiki juu kabisa. Anayekuahidi nusu bila kuuliza kina cha kisima ametoa namba kwenye karatasi ya matangazo. Na kapasita isifungwe kamwe kati ya VFD na mota.

Transfoma karibu, au tepu

Transfoma nyingi za mtaani zina swichi ya tepu, ya kubadili volti zinazotoka, yenye nafasi tano, kila hatua asilimia 2.5. TANESCO wakiipandisha hatua moja, unapata volti 10 bila kununua kitu. Ila kila anayelishwa na transfoma hiyo anazipata, na jirani aliye chini yake kabisa anaweza kukuta 250 kati ya fezi na nyutro usiku wa manane. Ni nafuu ya muda.

Kusogeza laini ya kilovolti 33 na kuweka transfoma karibu na mashine ndiyo suluhisho ghali kuliko yote, na ndilo linalomaliza. Mzigo wetu wa ampia 44, kwenye kilovolti 33 ni kama nusu ampia tu. Upotevu wa nusu kilomita unakuwa wa kuhesabiwa kwa wati, si kilowati. Transfoma yenyewe hula wati 100 hadi 200 usiku na mchana hata bila mzigo, kwa hiyo kuiweka kwa ajili ya mashine inayofanya kazi msimu wa mavuno pekee ni suala la kujadili.

Nani analipia upotevu?

Swali hili hubadilisha chaguo kuliko jedwali lote. Upotevu wa kabla ya mita ni wa TANESCO; volti ndogo ni zako. Upotevu wa baada ya mita ni uniti zako. Kilowati 1.9 kwa saa 8 kwa siku 26 ni uniti 395 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayolipa.

Mota yetu yote inakula kama uniti 5,000 kwa mwezi, haifiki 7,500, kwa hiyo mwenye nayo yuko kundi la bei la T1 na hulipia uniti pekee. Kama mita iko pale pale mashineni, kapasita haimpunguzii kitu cha maana kwenye LUKU. Kwa sababu hiyo hiyo, visanduku vya kuchomeka ukutani vinavyouzwa mitaani kwa jina la kuokoa umeme haviokoi kitu. Ndani kuna kapasita ndogo, na taa ya kijani.

Aliye T2, kundi la wanaozidi uniti hizo 7,500, ni mtu mwingine. Huyo hulipia pia kilele cha kVA, yaani umeme wote anaouvuta, ule unaofanya kazi pamoja na ule wa usumaku. Kiwanda chenye mzigo wa kilowati 200 na pawa fakta ya 0.8 kinahesabiwa kVA 250, ikifika 0.95 kinahesabiwa 211. Kila mwezi.

Ningechagua hivi

Mwenye mashine ya kusaga kijijini, mita ikiwa mashineni: staa-delta kwanza, kisha apeleke TANESCO karatasi yenye vipimo vyake vya asubuhi na jioni, kwa kila fezi, mota ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Malalamiko ya "umeme mdogo" hayamwelekezi mhandisi popote. Volti 365 saa moja jioni kabla ya kuwasha zinamwelekeza kwenye laini au transfoma. Asinunue kapasita.

Mwenye shamba la zabibu Hombolo au Mpunguzi, mita ikiwa barabarani na kisima nusu kilomita ndani: hapa waya ni wake na upotevu ni wake. Waya mnene wa alumini, na kapasita inayowaka na kuzima pamoja na pampu. Lakini kabla hajachimba mtaro, apige hesabu ya sola. Kanda hii hupata zaidi ya kilowati-saa 5 za jua kwa kila mita ya mraba kwa siku. Paneli zikiwa pembeni ya kisima na tenki juu, hakuna laini ya kupotezea umeme, na tenki linachukua nafasi ya betri. Kwa kisima kipya, mimi ningeanza na sola.

Kiwanda cha alizeti Singida kilicho T2: kapasita za kujirekebisha zenyewe kwa hatua, zifungwe kwenye bodi kuu. Kama ndani kuna VFD nyingi, zichukuliwe zenye riakta ya kinga, la sivyo mawimbi machafu ya VFD yatazipasua. Na ziwe zinajizima kiwanda kikilala, kwa sababu kapasita isiyo na mzigo huinua volti usiku, ambapo tayari ziko juu.

Stabilaiza ningeinunua kwa ajili ya friji ya chanjo ya zahanati, kompyuta na mzani wa kielektroniki.